Kondoo wa Kombewa na Kibali cha Ndege

Baba mdogo alinunua ndege ya viti vinne kwa mkulima aliyekuwa akihama nchi, na kwa muda mrefu haikumletea ila gharama. Bima ilidai, fundi alidai, hata kuiegesha pale uwanjani Kisumu kulilipiwa. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Wanunuzi wa mbuta, wale samaki wakubwa wa ziwani, walikuwa wakihangaika kwenda na kurudi Nairobi, na wangelipa vizuri wakipata usafiri wa haraka. Lakini ndege yetu ilikuwa imeandikishwa kuwa ya matumizi binafsi. Ungeweza kumpakia jirani, mradi usipokee kitu. Kupokea kulihitaji kibali, na kibali kilikuwa bado. Baba mdogo aliniambia wazi kwamba afisa wa usafiri wa anga akija kukagua na asiridhike, ndege itauzwa kwa mtu wa Eldoret, nami nitarudi kijijini Katito kulima.

Sikusomea mambo hayo. Nilijifunza kanuni mwenyewe kutoka kitabu cha kuazima, nikirudia sentensi moja hadi inapoteza maana, kisha naianza upya. Kitabu kilisema malipo ni kitu chochote chenye thamani. Tangu hapo nikawa naogopa hata soda. Nilikuwa nafagia kibanda chetu cha uwanjani, natoka, halafu narudi kuangalia kama nimefagia.

Ndipo mama mmoja wa Kombewa alipomleta mumewe akiwa hoi, anatakiwa hospitali ya Nairobi. Baba mdogo aliwafahamu kanisani. Nilimweleza yule mama, pengine mara nyingi kuliko ilivyofaa, kwamba kitabu cha kanuni kinakataza, hatutaki nauli. Baba mdogo akanicheka. Akamwambia mama, huku rubani wetu akiwasha injini, "Usimsikilize huyu. Akipona, utatuletea kondoo."

Ulikuwa utani tu. Mgonjwa alifika, akatibiwa, akapona.

Afisa alikuja asubuhi moja, mtu mpole wa maneno machache. Alikagua ndege, akakagua makaratasi ya rubani, nami nikimfuata nyuma. Mambo yalikuwa yakienda vizuri. Kisha nikamwona mama wa Kombewa akija kutoka langoni, amevaa nguo ya kanisani, akimvuta kondoo kwa kamba.

Nilimkimbilia. Nilimsihi amrudishe, nami najua fika kwamba kwetu shukrani haikataliwi mlangoni. Kuikataa ni kumwambia mtu kwamba uhai wa mumewe si kitu. Mama alinitazama kama asiyenifahamu. Kondoo alikuwa ameanza kula majani ya uwanja.

Afisa alikuwa amefika nyuma yangu. Akauliza huyo kondoo ni wa nini. Mama akajibu kwa furaha kwamba ni wa ile safari ya mumewe, kama walivyoambiwa. Afisa akanigeukia mimi, si baba mdogo, na kuuliza nani alimtaja kondoo kwanza.

Ningeweza kusema sijui. Nilitamani kusema hivyo. "Ni sisi," nikasema. "Lakini ulikuwa utani."

"Utani wenu unakula majani," afisa akasema.

Akafunga faili. Alituambia hataandika lolote mpaka asikie kondoo amerudi kwao, na atapita Kombewa mwenyewe kuuliza. Baba mdogo hakuniangalia hadi jioni.

Mama alikuwa ametuachia kondoo akaenda zake, na kesho yake tulimpakia kwenye pikapu. Njia nzima nilipanga maneno ya kuomba radhi, nikayapangua, nikayapanga tena. Tulipofika, mzee aliyepona alikuwa amekaa uani. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akaichukua kamba mkononi mwangu, akaita vijana wamchinje kondoo.

"Amerudi, nimempokea," akasema. "Sasa ninyi ni wageni wangu. Ama kitabu chako kinakataza na wageni, nyathina?"

Kuniita mwanawe kuliniumiza kuliko kama angenigombeza. Baba mdogo alikaa, akanawa. Mimi nilisimama nikitafuta kichwani ukurasa unaohusu nyama, sikuupata, nikakaa. Nilikula kidogo, na kila tonge nililimeza nikisikiliza kama kuna gari linaingia.

Gari liliingia kweli, tukiwa bado tunakula. Afisa alimuuliza mama kama kondoo alirudishwa. Mama akasema ndiyo, akamsogezea kiti na sahani. Afisa akasema ameshiba, lakini alikaa kidogo kumjulia hali mzee.

Kibali kilitoka kabla ya mvua za masika. Mtu wa Eldoret akaambiwa ndege haiuzwi. Abiria wetu wa kwanza wa kulipa alikuwa mnunuzi wa samaki. Alilipa nauli yote bila kubishana, kisha, kabla ya kupanda, akanikabidhi samaki wawili aina ya ngege waliofungwa kwenye gazeti, akisema ni asante kwangu. Ndege iliruka, ikageukia mashariki. Mimi nilibaki nimesimama na samaki mkononi, kibali kikiwa kimetundikwa ukutani nyuma yangu, na nikaingia ndani kukisoma tena.