Teke la Nyuma kwa Haji Kinyozi

Aliyeniponza namtaja wazi: Haji, kinyozi wa Mlandege. Ndiye aliyeweka gemu ya televisheni dukani kwake, ile ya vikaragosi vinavyopigana juu ya jukwaa lililo hewani. Kinachoanguka ndicho kilichoshindwa. Mwezi mzima aliniangusha, mtu mzima mimi, wateja wake wakinicheka.

Shule niliishia la nne, lakini dawa yake nikaipata. Kikaragosi changu kisimame ukingoni, kimpe adui mgongo kama kinakimbia, halafu kiruke na teke la nyuma. Nikashindwa kungoja kesho. Jioni hiyohiyo nilitakiwa Mtoni kwa Maalim Suleiman, kupokea jibu la posa ya mwanangu kwa binti yake. Nikampelekea salamu kwamba mguu umevimba, hata kukanyaga siwezi.

"Bwana Khamis, leo unanipa mgongo?" Haji akanidhihaki. "Unakimbia?"

"Sogea tu, utaniona."

Akasogea. Kikaragosi changu kikaruka, na mimi nikaruka nacho, nikarusha mguu nyuma kwa nguvu zote. Cha Haji kikaporomoka, nikapiga ukelele wa ushindi. Lakini kisigino changu kilikuwa kimempata mtu.

Nikageuka. Maalim Suleiman ameinama, kashika goti, machungwa yanabingirika sakafuni. Alikuja kumjulia hali mgonjwa, na nyumbani kwangu wakamwelekeza hapa.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba," akajibu, akisugua goti. "Mguu uliovimba ndio huu, au upo mwengine?"