Pigo la Pili

Walimwita Kufuli, na jina lilimkaa. Kwa miaka tisa alisimama kwenye mlango mkuu wa nyumba ya ibada, rungu mkononi, na aliyejaribu kupita kwa nguvu alitoka pale akitema meno. Simpambi. Ndivyo alivyokuwa, na alijivunia.

Zamani, kazi ya bawabu siku ya sikukuu ilikuwa kufungua mlango alfajiri na kukaa pembeni asikanyagwe. Waumini waliingia kwa mkupuo, wakasali, wakalia, wakatoka. Kisha wakaja watalii. Mwanzoni walikuwa watatu wanne, wamesimama nyuma kwa adabu zao. Baadaye yakaja mabasi. Wenye hoteli wakakaa na wakuu wa nyumba ya ibada, wakanywa chai, wakakubaliana kwamba saa ya kwanza iwe ya wageni peke yao, maana ndipo jua linapopenya madirishani na picha hutoka safi. Waumini wangoje nje ya vizuizi vya chuma mpaka wageni washibe kutazama. Watazame nini, na wenye kusali wako nje? Hilo hakuna aliyeuliza.

Kufuli alifundwa kazi na bawabu aliyemtangulia. "Usiangalie sura," alimwambia. "Ukiangalia sura utamwona jirani, utamwona shemeji, utaanza kuchagua. Tazama vidole. Mtu haruki chuma bila kushika chuma. Wewe piga vidole." Kufuli akawa hodari wa vidole.

Sasa, mama yake. Alikuwa fundi cherehani, mwembamba, mdomo haulali. Kufuli alipokuwa na miaka minne, mkono wake wa kulia ulinaswa kwenye mkanda wa mashine ya kusaga nafaka, na daktari akasema ukatwe. Mama akaweka nadhiri: mkono ukipona, kila sikukuu ataingia kushukuru kabla jua halijapanda, mpaka siku atakayobebwa. Mkono ukapona, na yeye hakukosa hata mwaka mmoja. Vizuizi vilipokuja, mwanawe alimpitisha mlango wa nyuma. Lakini mwaka huu mlango wa nyuma umegeuzwa mapokezi ya wageni.

"Mama, ngoja saa moja tu. Mungu hakimbii," Kufuli alimwambia jioni ya mkesha.

"Najua hakimbii. Jua ndilo linalokimbia. Na nadhiri niliiweka mimi, siyo wenye hoteli wako."

"Basi kesho baki nyumbani, tafadhali. Msimamizi ameniahidi ukuu wa walinzi akiona hakuna aliyeruka."

Mama alikata uzi kwa meno, akaendelea kushona. Kufuli akajidanganya kwamba amekubali.

Asubuhi mabasi yalichelewa. Saa ya wageni ikasogezwa mbele, na watu waliokesha wakifunga wakaona jua linapanda huku wageni wenye utepe wa njano shingoni wakiingia kwa mwendo wa harusi. Uvumilivu ukaisha. Kiatu kiliruka, kikafuatiwa na jiwe, na dirisha la basi likamwagika lote. Ikawa patashika nguo kuchanika. Mlinzi mmoja alivutwa kwa kola juu ya chuma, akapigwa kipigo cha mbwa mwizi mpaka sura yake ikapotea ndani ya damu. Wenzake walijibu kwa virungu bila kuchagua mtu. Mzee alikanyagwa tumboni. Mwanamke alimng'ata mlinzi sikio, akalitema. Na kule ngazini wageni walikuwa wamesimama, wengine wanalia, wengine wanapiga picha, na mmoja, haki ya Mungu, anafanya yote mawili.

Kufuli hakutazama sura. Vidole vilishika chuma, akapiga. Vingine vikashika, akapiga. Alisikia mifupa ikilia na hakuhesabu. Ukaja mkono mwembamba, akaupiga kama mingine.

Haukuachia. Ndipo alipokiona kidole cha shahada, kimepinda kwenye ncha tangu sindano ya cherehani ilipokivunjikia ndani. Kidole hicho kilikuwa kimemlisha ugonjwani, kimemfunga vifungo vya sare ya shule. Hakuinua macho. Hakuwa na haja.

"Kufuli!" Msimamizi alikuwa nyuma yake, hatua mbili. "Unangoja nini? Huyo anaruka!"

Nitasema ilivyokuwa, ingawa yeye mwenyewe baadaye aliapa kwamba mkono ulijiendea. Haukujiendea. Aliunyanyua, akaupitisha juu ya bega kama alivyozoea, akaushusha. Vidole vitatu vikaachia chuma.

Hospitalini benchi lilijaa watu wa sikukuu. Kufuli alikaa kando ya mama yake, shati limetapakaa damu ambayo si yake. Msimamizi alikuwa ameshampigia simu: ukuu wa walinzi ni wake, kuanzia kesho. Muuguzi akaja na bandeji.

"Mama, nani amekufanya hivi?"

"Mlango ulinibana," alisema mama, hata hakupepesa.

Muuguzi akafunga vidole, akaenda kwa mwingine. Kufuli akaanza kulia, mtu mzima, kamasi na yote.

"Mama, nisamehe. Sikukuona."

"Mara ya kwanza hukuniona. Hiyo nilikusamehe pale pale, kabla hata haijaniuma." Alikuwa akiutazama mkono wa kulia wa mwanawe, uliolala pajani mzima, hauna hata mkwaruzo. "Mara ya pili uliniona. Miaka yote hii naingia mle ndani kushukuru kwa ajili ya mkono huo. Sasa niambie, mwanangu, mwakani nikaseme nini?"