Kamba za Koko

Nikiwa mtoto wa Kasenga, hapa Uvira, niliishi asubuhi moja ambayo mpaka leo haitulii. Kila nikiilaza, inaamka.

Mama alikuwa amepona kuhara, amerudi sokoni kuuza ndagala zake, vile visamaki vya ziwani. Kisha nyayo zikaanza kumchonyota kama anakanyaga siafu, na miguu ikalegea. Koko, mama yake mama, hakuuliza habari za tumbo. Alijua: mtu amemtegea dawa mlangoni, ameikanyaga, na dawa ya kukanyagwa hupanda. Akachana kamba za mgomba, akamfunga vifundo vya miguu ili kitu kile kikome hapo.

"Mama, unanifunga kama mbuzi ya soko ya Sange," mama alicheka.

"Nyamaza weye. Ikifika ku kifua, itakubeba."

Vifundo vikapitwa. Koko akafunga magoti. Magoti yakapitwa, akafunga kiuno. Mimi ndiye niliyetumwa kufinya ngozi juu ya kamba, kujua kama mama bado anasikia maumivu.

Asubuhi ile isiyotulia, mama alishindwa kumaliza maneno. Alisema "Mi...", akavuta pumzi, akaanza upya. Mjomba wangu, aliyekuja kusaidia, akaomba kamba nyingine. Koko akazitupa zilizobaki chini.

"Kifua nitakifunga namna gani? Atapumua na nini? Ita moto!"

Moto ikaja, pikipiki ya abiria, tukamfunga mama kwa kitenge mgongoni mwa mwendesha pikipiki, mjomba akakaa nyuma kumshikilia.

Hospitalini daktari aligonga magoti kwa nyundo ndogo, hayakuruka. Akaona kamba, akauliza kila moja ilifungwa lini, akahesabu ugonjwa ulivyopanda upesi, kisha akaagiza oksijeni mbiombio. Baadaye alitueleza: askari wa mwili walipigana na ugonjwa wa tumbo, halafu wakageukia mishipa ya fahamu, wakidhani nayo ni adui.

"Nani aliwatuma?" Koko aliuliza.

"Hakuna muntu, Koko," daktari alijibu.

"Basi hao njo wabaya kabisa."

Ilichukua miezi mingi mama kutembea tena, na ndala yake moja bado inaburutika. Nimesoma, jina refu la Kifaransa la ugonjwa ule ninalijua. Koko alikufa akiamini kuna mtu aliyetega ile dawa, nami sikubishana naye. Lakini mguu wangu ukifa ganzi kwenye benchi la kanisa, nainama upesi, nafinya juu ya kifundo, nangoja maumivu. Yakija, ndipo naweza kuimba na wengine.