Siku Niliyowatafunia Wakwe Ukoo wa Haradali

Aibu hii nilitaka kufa nayo, lakini kwa kuwa Koku mwenyewe ameanza kuisimulia huko Rwamishenye (tena anaongeza chumvi), bora mnisikie mimi.

Nilikwenda kwao Muleba na baba mdogo, mshenga wangu, kumposa. Tulikula vizuri, ndizi, samaki na kabichi, likaletwa papai, na mimi mwalimu wa baiolojia nisiyejua kunyamaza nikasema kabichi na papai ni ndugu, wote wa oda moja, yaani ukoo mmoja mkubwa wa mimea, na haradali. Baba mdogo akanikanyaga chini ya meza. Nikaendelea.

Baba yake Koku akaweka kijiko chini, maana sisi Wahaya kwa mambo ya koo hatuna utani. Nikamweleza ua la kabichi, petali nne zimekaa kama msalaba, stameni sita, nne ndefu na mbili fupi. Akasema mipapai yake ina maua ya petali tano, sasa undugu uko wapi? Ningekubali tu yaishe! Nikajibu kwamba uko kwenye ukali, mbegu za papai zinawasha kama haradali, na ili aamini nikajaza kijiko cha mbegu nikatafuna.

Jamani, ziliwasha. Machozi yananishuka, na papo hapo shangazi yake Koku akapiga magoti mbele yangu na kikapu cha kahawa ya kutafuna. Mnajua wenyewe, kahawa ya mwenyeji haikataliwi, na mposaji akiikataa ni kama amemkataa binti. Mdomo umejaa moto, nikatikisa kichwa na kuinua mkono, nikimaanisha anisubiri kidogo. Koku, pale mlangoni, akaanza kulia, na mimi kwa hofu ya kumkosa nikachota kahawa nikaitumbukiza juu ya mbegu, nikapaliwa, vyote vikaruka hadi kwenye kanzu nyeupe ya mkwe.

Akajipangusa polepole. "Mwalimu, umekataa kahawa ya nyumba yangu?"

"Hapana, Tata," nikasema, nikimwita baba kwa Kihaya, kamasi zinanitoka. "Ni ukali wa undugu."

Akaokota mbegu moja, akaitafuna, akakunja uso. "Kweli hao ni ndugu," akasema. "Wewe bado. Rudi Jumapili, uanze na kahawa."

Nilirudi, nikatafuna kahawa kimya, nikapewa mke. Papai likaletwa limeshatolewa mbegu zote, na mkwe akaniuliza taratibu kama mlonge nao ni wa ukoo ule. Ni wa ukoo uleule, tena mizizi yake inawasha hasa, lakini nikamwambia sijui, Tata.