Askari wa Redio

Yule askari wa redio kambini Saboti hakuwahi kupaza sauti. Kila Sellah alipomletea chai, mtoto mgongoni, alimkuta akigongagonga goti kwa kidole, akiziongoza timu za wanajeshi zilizotawanyika mlimani kuwasaka waasi: "Nyinyi wa juu, polepole. Wa Chwele hawajafika. Ngojeni." Nao walingoja. Ungedhani anabembeleza mtoto alale.

Asubuhi hiyo timu zilikuwa zimezunguka kijiji alikobaki mume wa Sellah na mamake mgonjwa.

"Afande, si uwaambie wangoje kidogo tu? Baba Derrick hajatoka, na nyanya hawezi kutembea."

Kidole kikatulia. Akamfinya mtoto shavu, taratibu.

"Chai yako tamu, mama. Lakini mimi hungojea watu wangu."

Akainua redio. "Wa Chwele wamefika. Haya, ingieni wote."