Waridi la Mama Irine

Mwaka Irine alipochumbiwa, mama yake, Philomena, alipanda waridi jeupe kuizunguka nyumba yake ya Maisaka. Vipando alipewa na masista wa parokiani. Kiangazi, wakati majirani wakigombea foleni bombani, yeye alikinga maji aliyooshea mboga akayamwagia shinani. Alikuwa mjane anayelima mahindi na mbaazi, na alijua fika kwamba sherehe ya harusi ingemzidi nguvu. Alitaka kiwepo kitu kimoja tu ambacho angeweza kusema kimetoka mkononi mwake.

Harusi ilipokaribia, mama na mwana walikwenda kwa Tunu, mpambaji mwenye duka karibu na stendi.

"Shikamoo, mama," alisema Tunu, akawavutia viti.

"Marahaba, mwanangu. Tumekuja kwa ajili ya maua ya ukumbini."

Tunu aliwaonyesha picha kwenye simu. "Haya nayatoa Arusha. Meza kuu, mlangoni na meza za wageni, laki tisa."

"Laki tisa! Kwa maua ya kunyauka kesho yake? Hebu nipunguzie."

"Mama, hapo hata nauli sijaweka."

"Basi sikiliza. Mimi nina waridi nyumbani, jeupe, limejaa. Wewe leta vitambaa, vyombo na ufundi wako. Maua niachie mimi."

Tunu alimtazama Irine. Irine aliinamia simu yake kidogo, kisha akasema, "Sawa tu. Mama anayapenda sana."

Siku hiyohiyo Tunu alikuja kuyaona. Alipita katikati ya mashina, akanusa, akasifu. "Haya hata Arusha hawana, mama." Wakavutana mpaka bei ikashuka chini ya nusu, wakashikana mikono. Philomena aliingia ndani kuwasha moto akiwa anaimba.

Asubuhi ya harusi, umande haujakauka, alikata maua yote ya waridi. Aliyafunga mafungu mafungu, akayapanga kwenye ndoo na kuyapeleka ukumbini kwa bajaji. Tunu mwenyewe ndiye aliyezipokea ndoo. "Yamefika, mama. Nenda sasa ukajiandae."

Baada ya misa, Philomena aliingia ukumbini na mashangazi. Maua yalikuwa ya zambarau na ya njano, makubwa, mageni kabisa kwake. Akadhani yake yako mbele. Alifika mpaka meza kuu, hakuona hata moja jeupe. Akamfuata Tunu, aliyekuwa ananyoosha vitambaa pembeni.

"Waridi langu liko wapi?"

"Mama, kaa kwanza, tutaongea."

"Nimekuuliza."

"Liko nyuma. Kwa wapishi."

Alikwenda. Ndoo zilikuwa zimesogezwa ukutani, mafungu bado yamefungwa vilevile, na juu ya ndoo moja mtu ameweka sinia la maganda ya ndizi. Tunu alikuwa amemfuata.

"Nisamehe, mama. Irine alinipigia jioni ile niliyotoka kwako. Alisema upande wa bwana harusi wameshachagua rangi zao, na hela iliyopungua wataongeza wao. Akaniambia nisikuvunje moyo."

"Jioni ileile?"

"Ndiyo, mama."

"Na leo ukazipokea ndoo zangu."

Tunu aliliondoa lile sinia la maganda.

Angekuwa ni Tunu peke yake, Philomena angejua la kumwambia. Lakini mshereheshaji alikuwa anamwita mama wa bibi harusi kwenye kipaza sauti. Akarudi, akatoa zawadi, akacheza kidogo kwa sababu watu walikuwa wanatazama. Irine akamnong'oneza, "Mama, umefurahi?"

"Nimefurahi."

Kesho yake alizifuata ndoo. Maua akawapa mbuzi.

Irine alipokuja kusalimia baada ya fungate, mama yake alimmiminia chai, ndipo akamuuliza.

"Sikutaka uumie, mama," Irine alisema, machozi yakimtoka.

"Ungeniambia palepale dukani ningeumia, yakaisha. Wakwe walijua, mpambaji alijua, labda hata wapishi walijua. Mimi niliyekuzaa ndiye mliyenichezea."

Hakumfukuza, wala hakumkumbatia. Walimaliza chai, Irine akawahi basi la kurudi Arusha kwa mumewe.

Tangu hapo walisalimiana kwa simu, maneno machache, kama watu wa ofisi moja. Mpaka siku Irine alipopiga kusema anakaribia kujifungua, anaomba mama aende akamwangalie.

Philomena alimuuliza kwanza jambo moja.

"Unanihitaji kweli, Irine, au unaogopa nitaumia usiponiita?"

"Mama!"

"Nijibu."

"Nakuhitaji, mama. Naogopa."

Alikwenda. Alimwogesha mjukuu, akampikia mwanawe mtori na uji. Irine alikula akasifu. Na kila aliposifu, Philomena alimtazama usoni kwanza, kwa muda, kabla ya kuitikia.