Nukuu za Scolastika Maige

Mashine ya faksi ilikuwa dukani kwa Hozefa, kati ya marundo ya daftari na ndoo za plastiki, na kila karatasi iliyotoka humo Hozefa aliisoma kwanza. Hakuona aibu. Mashine ni yake, umeme analipia yeye, na macho ni yake. Ndiyo maana, mwaka 1996, mtu wa kwanza mjini Shinyanga kujua kwamba Scolastika Maige amekuwa maarufu alikuwa muuza daftari.

“Mama Ritha, karibu, pole na jua,” alisema. “Watu thelathini na mmoja wamekutaja. Uingereza wamo, Uswidi wamo, Brazili wamo. Mimi niko kwenye kaunta hii tangu ujana wangu, hata Mwanza hawanijui.”

Scolastika aliichukua karatasi akaisoma amesimama. Ilitoka kwa mkutubi wa Dar es Salaam aliyemwomba amtazamie kwenye fahirisi za nukuu, yaani orodha zinazoonyesha nani ameitaja makala ya nani. Scolastika alikuwa mtafiti wa afya ya wanafunzi katika kituo kidogo cha utafiti karibu na stesheni. Alikuwa amechapisha makala nne. Tatu zilipita kimya, hata ndugu zake hawakuziulizia. Ya nne, ya mwaka 1994, ndiyo hiyo sasa iliyokuwa ikitembea duniani bila yeye.

Mkuu wa kituo, Bwana Valerian, alikwisha kumwambia kwamba cheo cha mtafiti mwandamizi hakiji kwa kuandika tu. “Kuandika kila mtu anaandika,” alipenda kusema, yeye ambaye hakuwa ameandika kitu tangu harusi yake. “Nani anakunukuu?” Basi jibu lilikuwa mkononi, na Scolastika alirudi ofisini akitembea kwa madaha kidogo, jambo ambalo halikuwa tabia yake.

Makala yenyewe ililinganisha watoto wa shule wa Didia, kijiji cha wakulima na wafugaji, na watoto wa Runzewe, mji wa biashara uliojaa watu wa machimbo ya dhahabu. Ilionyesha kwamba wa Runzewe waliumwa na kukosa masomo mara nyingi sana, na wa Didia kwa nadra. Wasomi wa nje waliipenda. Kila aliyetaka kusema kwamba dhahabu huharibu na jembe hulinda alimtaja Maige, 1994. Wafadhili nao waliisoma, wakapeleka vidonge vya kichocho na vyoo vya shule Runzewe, na vijiji kama Didia wakavifuta kwenye mpango. Scolastika hakuona ubaya wowote. Watoto wa Didia hawakuumwa. Yeye mwenyewe alikuwa amethibitisha.

Alijivunia zaidi namna alivyoifanya kazi hiyo. Mama yake alitoka Didia, na yeye alilelewa akaleleka. Vijana wake wa kuhoji aliwachagua Wasukuma watupu, wenye adabu zao, akawaonya wasiingie nyumba za watu kama wakusanya kodi. Swali la ugonjwa aliamuru liulizwe kwa upole, ndani ya salamu: watoto wa shule nao hawajambo, hakuna aliyeumwa wiki hii? Kisha waendelee na habari za mvua na mifugo. Mgeni wa Ulaya angefika na swali kavu akawaudhi wenyeji. Hilo aliliandika hata kwenye makala, katika sehemu ya mbinu, na wasomi wa nje walilisifu pia.

Mwezi mmoja hivi baada ya faksi ile, alikwenda Didia kumwona binamu yake, Mama Jilala, aliyekuwa amejifungua. Alibeba sukari, sabuni na kanga ya mtoto.

“Shikamoo, dada.”

“Marahaba, mayu, mama,” alijibu Scolastika, akauliza kwa Kisukuma kama ni salama: “Mhola?”

“Mhola. Baba Ritha hajambo? Ritha naye?”

“Mhola duhu, salama tu. Wote wazima. Na watoto wako?”

“Hawajambo kabisa.”

Waliingia ndani. Scolastika akapewa maji, akambeba mtoto mchanga, akasifu mashavu yake. Ikaja sahani ya matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na karanga za kutafunia. Walipokwisha kula vya kutosha na mazungumzo yamepoa, Scolastika alisema kwamba hatakaa sana, maana Ritha yuko kitandani na malaria tangu Jumapili.

“Pole sana, dada,” alisema Mama Jilala. “Hata huku si kuzuri. Jilala anakojoa damu. Na si yeye peke yake, wavulana wote wanaoshinda kwenye majaruba ya mpunga wako hivyo. Shuleni haendi, anaona haya.”

“Si umeniambia hawajambo?”

Mama Jilala alicheka. “Nawe si umeniambia Ritha mzima?”

Scolastika alitaka kucheka naye, akashindwa. Mtu akisalimiwa anajibu salamu, na ugonjwa unasemwa baada ya mgeni kuketi, kunywa maji na kula. Hilo alilijua tangu utotoni, alikuwa amelifanya muda mfupi uliopita, na hakuwahi kulifikiria kwa sababu hakuna anayelifikiria. Vijana wake hawakuwa wameketi. Walisalimia vizuri sana, wakajibiwa vizuri sana, wakaenda nyumba ya pili. Runzewe mambo yalikuwa mengine, kwa sababu mji wa wageni waliotoka kila pembe hauna salamu ndefu. Ukimuuliza mchimbaji kama mwanawe anaumwa, anakuambia anaumwa, anakuuliza kama una dawa. Yule Mzungu wa swali kavu, ambaye yeye alimcheka, angepata jibu la kweli. Yeye na adabu zake alikuwa amepima salamu.

Aliona aibu, na chini ya aibu alikuwa na hofu. Kila aliyemnukuu alikuwa ameubeba uongo wake, na Jilala hakuwa na vidonge kwa sababu ya ukurasa wenye jina la mama yake mkubwa.

Kituoni, Bwana Valerian alimsikiliza hadi mwisho, akafunga mlango.

“Andika makala mpya juu ya Didia,” alisema. “Hii ya zamani usiifukue. Nani atakuuliza?”

“Hakuna atakayeniuliza, mkuu. Ndiyo shida yenyewe. Nikinyamaza, mradi wa wafadhili utaendelea kuamini kwamba Didia ni wazima.”

“Na kamati ya vyeo inakaa Juni. Unakwenda mbele yao na nukuu thelathini na moja, au unakwenda na barua ya kujikana?”

Scolastika alikuwa mtu wa kupenda cheo, tusimpambe. Alikitaka kwa miaka mingi, na kwa wiki nzima alijaribu kutafuta njia ya kuwa na vyote viwili. Hakuipata. Mwisho aliandika masahihisho, nusu ukurasa, akaeleza kosa lilivyotokea na kwamba matokeo ya Didia yasitumike tena. Nakala moja aliipeleka kwa jarida na nyingine kwa ofisi ya mradi. Hozefa alizituma kwa faksi baada ya kuzisoma, na kwa mara ya kwanza hakutania.

Kamati ilikaa Juni. Iliona ni vigumu kumpandisha mtu aliyejipinga mwenyewe.

Watu wa mradi walifika Didia mwaka uliofuata. Safari hii walipima mkojo, na mkojo hauna adabu, ulisema yote siku ya kwanza. Vidonge vikaja, na vyoo vikachimbwa.

Mwaka 1999 Scolastika alimwomba tena mkutubi amtazamie. Hozefa aliisoma karatasi mara mbili kabla ya kumpa.

“Ile makala ya zamani, hamsini na nane,” alisema. “Bado wanaitaja, Mama Ritha. Masahihisho hakuna hata mmoja aliyeyataja. Hawa wasomi husoma nini?”

“Huwasoma wenzao waliokwisha kunukuu,” alijibu Scolastika, akalipa, akaondoka. Iliuma.

Jumamosi alikwenda Didia. Mama Jilala alikuwa uani akipepeta mpunga.

“Shikamoo, dada. Mhola?”

“Marahaba. Mhola duhu. Jilala hajambo?”

“Hajambo.”

Scolastika hakuuliza zaidi. Aliweka mkoba chini, akaketi, akapokea maji akanywa yote. Ikaja sahani ya ugali na mboga za majani, akala taratibu, wakaongea habari za mvua na za ng'ombe aliyezaa. Mama Jilala alimmiminia maji ya kunawa.

“Kwanza sijakwambia,” alisema, akitikisa birika. “Jilala siku hizi anakojoa maji meupe. Shule haachi hata umfukuze.”

Scolastika aliendelea kukinga mikono yake juu ya beseni, maji yakapita yote, wala hakukumbuka kunawa.